Robo sauti haikubali akodi yoyote: tuwasikilize watunzi wa Cairo

Mhariri,

Kila muziki wa Misri unapotajwa katika magazeti na redio zetu, habari huanza na Umm Kulthum na kuishia kwa Mohammed Abdel Wahab. Hao ni nguzo, na hakuna mpenzi wa taarab atakayewapunguzia heshima. Lakini hapo hapo Cairo palikuwa na watunzi wengine, walioandika muziki wa okestra kamili, wa piano, fidla na chelo, huku wameng'ang'ania maqamu (ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu) na mapigo ya kwao. Hao hawatajwi. Tunaliona hilo kuwa hasara kubwa, kwa sababu swali lililowakesha watunzi hao kwa zaidi ya nusu karne ndilo linalovisumbua vikundi vyetu tangu kinanda cha umeme kikalie kiti cha kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi: wimbo ukiwa katika maqamu ya Rasti au Bayati, chini yake utaweka nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni akodi, yaani sauti tatu zinazobonyezwa pamoja kwa mkono wa kushoto: do-mi-sol, fa-la-do, sol-si-re. Akodi hizo zikipigwa chini ya Rasti wimbo unaharibika, na uharibifu huo unaweza kupigiwa hesabu.

Chukua Rasti inayoanzia do. Sauti zake ni do, re, mi nusu bemoli, fa, sol, la, si nusu bemoli, na do ya juu. (Wamisri nao husema vivyo hivyo, "nuss bemol".) Bemoli kamili hushusha sauti kwa kitufe kimoja cha piano. Nusu bemoli huishusha nusu ya hapo, mahali ambapo piano haina kitufe; hiyo ndiyo robo sauti. Kwa kipimo cha wataalamu kila kitufe kimeachana na jirani yake kwa senti 100, hivyo kutoka do hadi mi ya piano ni senti 400, na hadi mi bemoli ni 300. Mi ya Rasti hukaa karibu na 350. Hata hapo hairuhusiwi kulala kwa rula: mpigaji mzuri huipandisha kidogo akiwa katika Rasti na kuishusha kidogo akiwa katika Bayati.

Sasa mwimbaji anaimba mi yake nusu bemoli, na kinanda kinabonyeza do-mi-sol. Mi ya kinanda, ile iliyo juu ya do ya katikati, hutetema kama mara 329.6 kwa sekunde. Ya mwimbaji hutetema kama mara 320. Zikigongana, tofauti ile ya mara tisa husikika kama mtikisiko wa haraka, wa-wa-wa-wa, unaokaa juu ya neno la mwimbaji mpaka neno liishe. Mwimbaji akichoka kupambana nao hupandisha sauti yake ifuate kinanda, na hapo Rasti imeshakuwa Ajamu, maqamu ya do-re-mi za piano. Msikilizaji asiyejua hata jina la maqamu hiyo atakwambia tu kwamba wimbo umekosa utamu, na atakuwa amesema kweli.

Cairo ililijua tatizo hili mapema. Machi na Aprili 1932, chini ya Mfalme Fuad wa Kwanza, mji huo ulikusanya kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu. Walikuwepo wapigaji kutoka Iraki, Tunisia, Algeria na Moroko, wakarekodiwa katika santuri ambazo mpaka leo ni hazina. Kutoka Ulaya walikuja watunzi Béla Bartók na Paul Hindemith, na wataalamu Curt Sachs na Erich von Hornbostel. Mabishano mawili yalitawala: je, oktava (umbali wa do hadi do ya juu) igawanywe katika sehemu 24 zilizo sawa, na je, piano iingizwe katika muziki wa Kiarabu? Wamisri wengi waliokuwa na hamu ya maendeleo waliitaka piano. Waliopinga kwa nguvu zaidi walikuwa Wazungu, waliohofia kwamba ingekula zile sauti zisizo na kitufe. Ugawaji wa sehemu 24 sawa haukukubaliwa na wote, kwa sababu waliokuwa na masikio makali walisikia kwamba mi ya Rasti na mi ya Bayati hazilingani. Sisi tunaona kila upande ulikuwa na nusu ya haki. Piano yenyewe haina kosa. Kosa liko katika kuleta piano pamoja na sarufi yake yote, yaani akodi.

Kizazi cha kwanza cha watunzi, akina Yusef Greiss, Hasan Rashid na Abu Bakr Khairat, kiliichukua sarufi hiyo kama ilivyo. Khairat, aliyezaliwa 1910 na kufariki 1963, alikuwa msanifu majengo kwa taaluma. Ndiye mkuu wa kwanza wa Konsavatwari ya Cairo, chuo cha muziki kilichofunguliwa 1959, na ndiye aliyechora ukumbi wake unaoitwa kwa jina la Sayed Darwish. Alichukua nyimbo za watu wa Misri akazivisha akodi nono za Ulaya ya karne ya 19. Zinapendeza kusikiliza. Lakini chunguza utaona nyimbo zilizochaguliwa ni zile zinazokubali vazi hilo, zilizo katika Nahawandi au Ajamu, maqamu ambazo piano inaziweza bila taabu. Rasti na Bayati zilibaki mlangoni.

Aliyezifungulia njia ni Gamal Abdel-Rahim, na barua hii tumeiandika hasa kwa ajili yake. Alizaliwa Cairo 1924, akasomea utunzi Ujerumani katika miaka ya 1950, akarudi kufundisha Konsavatwari, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha hapo idara ya utunzi. Alifariki 1988. Aliliuliza swali kinyume na wenzake. Wao waliuliza akodi ipi itafaa wimbo huu. Yeye aliuliza maqamu yenyewe ina sauti zipi zinazopatana zenyewe kwa zenyewe, akajenga kutoka hapo. Akaweka nyuzi mbili tatu za wimbo zitembee pamoja, kila moja na njia yake, badala ya wimbo mmoja kubebwa na nguzo za akodi. Na mapigo akayatoa katika hesabu za Kiarabu zisizokwenda kwa mbili mbili au nne nne tu.

Wazo hilo hufanya kazi vipi kwa vidole? Turudi kwenye Rasti ya do. Ukiondoa zile sauti mbili za nusu bemoli unabaki na do, re, fa, sol na la. Kati ya tano hizo kuna hatua za nne (senti 500) na za tano (senti 700) zilizo safi: do na fa, re na sol, sol na do ya juu, la na re, do na sol, re na la, fa na do. Hivyo ndivyo vya kuweka chini ya wimbo, sauti mbili mbili. Mi na si waachiwe wenye wimbo peke yao: mwimbaji, fidla, udi, nai (filimbi ya mwanzi). Mtu mwingine yeyote asiguse mi wakati huo, hata mpiga besi.

Wimbo unapotua juu ya mi nusu bemoli na kukaa, besi ishike do. Umbali ni senti 350, lakini kwa kuwa do ndiyo nyumba ya maqamu, sikio linaukubali. Usiweke la chini yake. Mpangaji aliyefunzwa kwa piano hulikimbilia hilo kwa sababu la na mi ya kawaida ni hatua ya tano safi, senti 700. Kwa mi ya Rasti umbali unabaki 650, na unasikika kama uzi uliolegea katikati ya onyesho.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Si nusu bemoli na mi nusu bemoli zimeshushwa kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kati yao kuna senti 500 kamili, hatua ya nne safi kabisa. Fidla ya pili inaweza kutembea hatua ya nne chini ya ya kwanza, na zote mbili zikafika kwenye robo sauti kwa wakati mmoja, bila mgongano wowote. Jaribuni kwa fidla mbili: ya kwanza mi nusu bemoli, ya pili si nusu bemoli chini yake, chelo imenyamaza. Mtasikia kitu kilichokaa sawasawa, na piano haiwezi kukitoa hata kwa dawa.

Maqamu ya Hijazi ina mtego wa namna nyingine. Ikianzia re sauti zake ni re, mi bemoli, fa diezi (fa iliyopandishwa kitufe kimoja), sol, la, si bemoli, do. Hakuna robo sauti humo, kinanda kinazibonyeza zote, na mpangaji hudhani yuko salama. Huja kukosea anaporudi nyumbani. Mazoea ya Kizungu humwambia apige la-do diezi-mi kabla ya kutua kwenye re. Akodi hiyo ina mi isiyo na bemoli na do yenye diezi, sauti mbili ambazo Hijazi hii haina, tena mi bemoli ndiyo roho yake. Kwa kipigo kimoja wimbo umetolewa pwani ukapelekwa kwaya. Njia iliyo sawa ni kushika re chini bila kuiachia, kisha juu yake mi bemoli ishuke nusu hatua na do ipande hatua nzima, zikutane kwenye re kutoka pande mbili. Masikio yanajua kwamba safari imekwisha, na hakuna sauti ya mgeni iliyoalikwa.

Kwa mapigo, mfano mzuri ni samai thaqil yenye mapigo kumi: dum, kimya, kimya, tak, kimya, dum, dum, tak, kimya, kimya. (Dum ni kipigo kizito cha ngoma, tak ni chepesi.) Ihesabu tatu, mbili, mbili, tatu. Mashine ya ngoma huwa haina samai, hivyo watu huiweka kwenye hesabu ya tano, kila kipigo kimoja kikiwa na nusu mbili zinazolingana. Mkazo wa mashine unaangukia ya 1, 3, 5, 7 na 9. Dum ya tatu, iliyo kwenye ya 7, inapata mkazo wake, lakini tak zote mbili, ya 4 na ya 8, zinaangukia nyufani, na hata dum ya 6 inakosa pa kukaa. Mpiga dumbak mzoefu akilazimishwa kufuata mashine hiyo huonekana kama ndiye anayekosea. Zimeni mashine.

Kando ya kazi ya Abdel-Rahim kulikuwa na kazi ya kukutanisha vyombo vyenyewe. Katika miaka ya 1960 Rifaat Garrana aliandika koncheto ya kanuni na okestra, na anayejua kanuni anajua ujasiri wa jambo hilo. Kanuni ya kawaida ina makundi 26 ya nyuzi tatu tatu, jumla 78, na kila kundi lina vishikizo vidogo vya chuma upande wa kushoto vya kupandisha au kushusha sauti. Daraja la nyuzi limekaa juu ya ngozi ya samaki. Ngozi hiyo hunywa unyevu wa hewa, ikalainika, daraja likadidimia na nyuzi zote zikashuka pamoja. Taa za jukwaa zikiwaka huikausha, na nyuzi zikapanda. Kwa hiyo kanuni iingizwe ukumbini mapema, taa ziwashwe, iachwe izoee, ndipo ipatanishwe na la ya okestra. Ikipatanishwa chumba cha nyuma ikaletwa jukwaani dakika za mwisho, itaachana na fidla kabla ya wimbo wa kwanza kwisha.

Sauti yake pia ni ndogo. Tarumbeta mbili tu zinaifuta. Mtunzi mwenye akili huipa nafasi wakati fidla zinadonolewa kwa kidole badala ya kupigwa kwa uta, au wakati vyombo vya kupuliza vimenyamaza kabisa. Nai nayo haitoshi kuwa moja. Mpigaji hubeba seti ya nai za urefu tofauti na hubadili kufuatana na maqamu inapoanzia, hivyo anayeandika noti lazima ampe kimya cha kutosha kati ya sehemu na sehemu. Asipompa, mpigaji ataziba matundu nusu nusu kwa kidole, na sauti itatoka na mkwaruzo.

Kwa fidla kuna tofauti ya kupatanisha. Okestra ya Kizungu hufuata sol, re, la, mi. Wapigaji wengi wa asili wa Misri hushusha nyuzi mbili za juu wakawa na sol, re, sol, re, na chombo kizima kikavuma kwa zile sauti ambazo maqamu hurudi kwazo. Aliyebaki na mtindo wa okestra akumbuke kwamba uzi wake wa mi ukiguswa wazi katika Rasti au Bayati unatoa mi ya piano. Mi nusu bemoli aipige kwa kidole kwenye uzi wa la. Na fidla kumi zikiwa kila mmoja na robo sauti yake, kinachotoka ni ukungu. Mazoezini kanuni ipige mi nusu bemoli peke yake, fidla ziifuate moja moja, mpaka wote wasikie sauti moja.

Mfano wa karibu zaidi kwa msikilizaji anayeanza ni wa Rageh Daoud, aliyezaliwa 1954, mwanafunzi wa Abdel-Rahim. Katika muziki wake wa filamu ya Kit Kat ya 1991 aliweka udi juu ya ogani, katika umbo la pasakalia, mtindo wa zamani wa Ulaya ambamo mstari wa besi hurudiwa tangu mwanzo hadi mwisho na yaliyo juu yake ndiyo yanayobadilika. Vyombo hivyo viwili havigombani hata kidogo. Sauti ya udi ikidonolewa hufa upesi. Ya ogani haifi mpaka kidole kiondoke. Ogani inakuwa sakafu na udi unatembea juu yake kwa miguu mitupu. Ukiusikia mara moja hutauliza tena kama mambo haya yanaweza kuchanganyika.

Hatuwezi kuacha kumtaja Halim El-Dabh, ingawa yeye alipita njia nyingine kabisa. Mwaka 1944, hapo Cairo, alirekodi kwa mashine ya waya wa chuma sauti za wanawake katika zaar, ngoma ya kuponya walioshikwa na pepo. Kisha akazichuja studioni, akazizidishia mwangwi, mpaka zikabaki mawimbi yasiyo na maneno. Miaka minne baadaye ndipo Pierre Schaeffer alipoanza kazi kama hiyo Paris. Msomaji wa pwani anayezijua ngoma za pepo ataielewa rekodi ile haraka kuliko profesa wa Ulaya.

Uhusiano wetu na Cairo katika mambo haya si wa kukopa jana. Inasimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905, na vikundi vilivyofuata vilijipanga kwa mfano wa okestra za Misri, na fidla zao, chelo, besi kubwa na kodiani. Kwa hiyo tunapouliza Wamisri walifanya nini na akodi, tunauliza ndani ya familia.

Kodiani ndiyo inayoonyesha walivyolichukulia jambo hili kwa uzito. Wamisri waliifungua wakazikwangua ndimi zake za chuma ili zitoe robo sauti. Kukwangua karibu na ncha hupandisha sauti, karibu na shina huishusha, na huenda kidogo kidogo, kwa kupima kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili, kwa sababu chuma kilichoondoka hakirudi. Kila sauti ina ulimi wa kuvuta na ulimi wa kusukuma, hivyo kukwangua mmoja na kusahau wa pili hutoa kodiani inayoimba Rasti ikivutwa na Ajamu ikisukumwa.

Kinanda cha umeme ni rahisi zaidi, kwa kuwa vingi vya leo vina vitufe vya kushusha sauti moja moja kwa senti 50. Wekeni mi na si hapo. Kisha zimeni akodi za kujipiga zenyewe. Kuna vinanda vinavyoshusha sauti za mkono wa kulia tu na kuacha akodi katika mi ya piano, na ule mtikisiko wa mara tisa unarudi. Kuna vingine vinavyoshusha vyote, na la-do-mi yao inatoka na hatua ya tano ya senti 650. Kwa hali zote mbili mkono wa kushoto ubaki na do na sol, re na la, fa na do, kidole kwa kidole.

Ombi letu kwako, Mhariri, na kwa watangazaji wanaosoma gazeti hili, ni dogo. Mkiandika juu ya muziki wa Misri, waandikeni pia Gamal Abdel-Rahim, Rifaat Garrana na Rageh Daoud. Na usiku wa taarab redioni, kabla ya wimbo mrefu wa Umm Kulthum, pigeni ile pasakalia ya udi na ogani. Ni ya dakika chache tu.

Wasomaji wenu, wapenzi wa maqamu,
Unguja